Kadi ya chakula isiwe rehani ya laptopu

Salamu kwenu wote wa Kakuma 1 mpaka 4, wa Kalobeyei, na nyinyi wenzetu wa Dadaab, Nakivale na Nyarugusu ambao huwa mnatusoma usiku bando likishuka bei. Leo tunaongea juu ya laptopu. Mwalimu wetu wa Kiswahili wa sekondari angetaka tuandike kipakatalishi, lakini hatujawahi kumsikia mtu sokoni akiulizia kipakatalishi, kwa hiyo atusamehe.

Barua za kukubaliwa chuoni zimeanza kufika. Tumefurahi, na nyinyi mmesikia vigelegele. Kuna familia moja ya Kakuma 3 ilipika mandazi ikagawia hata wapita njia. Lakini katika barua nyingi, chini kabisa, baada ya habari za vyeti na tarehe ya kuripoti, kuna mstari unaosema mwanafunzi aje na laptopu yake. Hausemi laptopu ya aina gani. Hausemi kama unaweza kuja nayo mwezi wa pili. Mstari huo mmoja umeingiza nyumba nzima kwenye njaa, na hapa hatutii chumvi.

Mwaka jana dada mmoja wa kikundi chetu alipata nafasi ya diploma ya ualimu. Yeye ni mtoto wa kwanza, wanaishi sita pamoja na mama yao. Wiki tatu kabla ya chuo kufungua, mama alienda kwa mwenye duka ambaye wamechukua unga kwake miaka mingi, akaacha kadi ya chakula ya familia, akapewa shilingi 36,000. Laptopu ikanunuliwa Nairobi, mpya, ndani ya boksi, stika zote ziko. Tuliipiga picha. Tuliifurahia sote, tunakiri. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema neno, na sisi ndio tunaojiita watu wa kompyuta kwa sababu tunajitolea kufundisha kompyuta kituoni.

Ilikuwa na RAM ya GB 4, prosesa ya chini kabisa, na hifadhi ya GB 64 iliyogandishwa kwenye ubao wake, yaani huwezi kuitoa ukaweka kubwa. Windows yenyewe na masasisho yake inakula sehemu kubwa ya hizo GB 64. Mwezi wa pili ikaanza kuandika kwamba nafasi imejaa. Akifungua Word na kivinjari pamoja, anaenda kuteka maji anarudi, bado kile kiduara kinazunguka. Mwezi wa tano akaifunga kwenye mfuko wake akarudi kwa simu.

Kadi nayo ilikaa dukani miezi tisa. Kila mwezi hela ikiingia, mwenye duka anakata yake, kinachobaki anawapa unga na mafuta kwa bei anayotaka yeye, manake bila kadi huwezi kwenda duka lingine. Na ni mwaka ule ule wa 2025, mnakumbuka wenyewe mgao ulivyopunguzwa. Wadogo zake walikula mara moja kwa siku, na yeye huko chuoni alijua. Alituambia kwamba kila akiifungua ile mashine alikuwa anahesabu ni kilo ngapi za unga.

Basi msimamo wetu tunauweka hapa mapema ili mtu asiseme hakuelewa: kadi ya chakula isiwekwe rehani kwa ajili ya laptopu, hata kama chuo kinafungua kesho. Na tunasema hivyo tukijua kwamba laptopu inahitajika kweli. Tunachokataa ni bei mnayoambiwa na njia mnayoitumia kulipa.

Hatumlaumu mwenye duka peke yake. Kuna miezi ambayo bila daftari lake la madeni watu wangelala njaa, na yeye naye mara nyingi ni mkimbizi kama sisi, mzigo wake ameuchukua kwa deni huko Kitale. Lakini deni la unga ni la mwezi mmoja, unalimaliza unaanza lingine. Deni la laptopu ni la mwaka, na mwaka mzima kadi haiko mkononi mwa mama.

Jambo la kwanza tunalowaambia wanaotuuliza ni kwamba usinunue kabla ya kuripoti. Wengi hawapendi kusikia hivi. Wanaogopa kuonekana wametoka kambini hawana kitu, na tunaelewa, sote tumewahi kuvaa viatu vya kuazima siku ya kwanza. Lakini wiki za mwanzo chuoni ni za usajili, kutafuta madarasa na kupewa ratiba. Notisi nyingi zinakuja kwa PDF, simu inazisoma. Kazi ya kwanza ya kuandika kurasa tatu unaweza kuichapa kwa simu ukiwa na subira, au kwenye kompyuta za maktaba. Katika muda huo utajua kitu ambacho barua haikukuambia: kozi yako inatumia programu gani. Anayesoma ualimu, biashara au kazi za jamii anahitaji kuandika, kusoma, kupiga hesabu kwenye jedwali na kuingia darasa la mtandaoni. Anayesoma uchoraji wa ramani za majengo au kuhariri video anahitaji mashine nyingine kabisa. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi hiyo hiyo. Muuzaji usimuulize, yeye atakuuzia aliyonayo.

Kuna wafanyakazi wa mashirika watakaosoma hapa waseme, sawa, kwa nini basi wasitumie kompyuta za kituo mpaka mwisho? Tumekaa kwenye hivyo vituo kama wasimamizi, tunajua. Kompyuta ni chache, foleni ni ndefu, na kila mtu anapewa saa moja. Kituo kinafungwa kabla ya jua kuzama, na wikendi hakuna mtu. Kazi inayotakiwa iwasilishwe saa sita usiku Jumapili utaiwasilishaje? Halafu kuna jambo la dada zetu, ambalo kwenye ripoti huwa halionekani. Msichana anayeishi mbali na kituo ana kazi za nyumbani asubuhi, ana maji ya kusubiri kwenye bomba, na saa anayopata nafasi ni jioni, wakati ambao mama yake hataki apite lagani peke yake. Na mama ako na sababu. Tumeona daftari la kuingia kituoni: asubuhi majina yamechanganyika, jioni ni wavulana watupu. Kwa huyo msichana laptopu yake mwenyewe ndiyo darasa la jioni. Kwa hiyo hatukubali kuambiwa kwamba laptopu ni anasa. Kituo kinakuvusha wiki sita. Miaka mitatu hakiwezi.

Haya, inunuliwe ipi?

Sisi tunasema iliyotumika, ya kazi ya ofisi. Zile ambazo kampuni za ng'ambo zilitumia miaka mitatu minne zikazibadilisha, zikaja Nairobi kwa wingi, watu wanaziita za ex-UK hata kama zimetoka kwingine. Lenovo ThinkPad, Dell Latitude, HP EliteBook, za namna hiyo. Si nzuri kwa macho. Ni nyeusi, au rangi ya majivu, na nyingine zina alama ya stika iliyobanduliwa. Lakini zilitengenezwa kwa mtu wa kuzitumia kutwa nzima, kibodi ni imara, zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida, na vipuri vyake fundi anavipata. Katika zile tulizosaidia kununua mwaka huu, nyingi zilikuwa kati ya shilingi 18,000 na 25,000. Linganisha na ile mpya ya 36,000 ambayo haikumaliza hata mwaka.

Angalia RAM iwe GB 8, au iwe 4 lakini yenye nafasi ya kuongeza. Hifadhi iwe SSD, isiwe diski ya zamani ile inayozunguka. Diski inayozunguka inaumia ikitikiswa, na nyinyi mnajua barabara zetu na pikipiki zetu. SSD ya GB 256 inatosha kabisa. Kwenye prosesa, soma namba baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8250U ni cha nane, na zikifika tarakimu tano, kama i5-10210U, ni cha kumi. Kwa nini kizazi? Kwa sababu Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Wauzaji wengi wanashusha bei ya kizazi cha sita na cha saba kwa sababu hiyo hiyo, na unaona ni bahati. Inaweza kuwa bahati kweli ukiwa tayari kutumia Linux. Wawili wetu tunatumia Linux Mint pamoja na LibreOffice, zote hazilipiwi, na mashine ya zamani inapumua vizuri. Ila uliza chuo kwanza kama mitihani yao ya mtandaoni inakubali. Usije ukajua siku ya mtihani.

Ile herufi U mwishoni nayo ina maana: prosesa inayokula umeme kidogo. Ukiona H, hiyo ni ya kazi nzito na michezo, inakula umeme na kutoa joto, na sisi joto tumeshapewa la kutosha.

Chromebook za bei ya chini, tafadhali, angalieni mara mbili. Kila moja ina tarehe ambayo masasisho yake yanakoma, na nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa tarehe hiyo imeshapita au imekaribia. Nyingine bado zimefungwa na shule ya ng'ambo iliyokuwa inazimiliki, ukiwasha inakuuliza barua pepe ya shule hiyo. Hata laptopu za kawaida zinafungwa hivyo hivyo. Kama inadai nenosiri kabla hata Windows haijaanza, na muuzaji anasema ati fundi wa huko kwenu ataitoa, mrudishie.

Lakini kitu ambacho sisi tunakiangalia kuliko vyote ni betri. Kwa mwanafunzi wa mjini mwenye soketi ukutani, betri ni jambo la nne au la tano. Kwetu ndilo la kwanza. Wengi wetu tunapata umeme kwa jenereta ya mfanyabiashara wa jirani, unalipa kwa mwezi, unawashwa jioni, unazimwa usiku, na siku dizeli imekosekana haukuja kabisa. Muuzaji atakuambia betri inakaa saa nne. Usibishane naye. Mwambie afungue dirisha la amri, aandike powercfg /batteryreport, kisha afungue ukurasa uliotengenezwa. Hapo kuna namba mbili: uwezo betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake wa sasa ikijaa. Mwezi wa tatu tulikagua moja iliyoandika 50,000 ya kiwandani na 21,000 ya sasa. Hiyo imebaki na asilimia 42, hata kama mwili wake unang'aa. Tukamwambia mwenzetu ama bei ishuke kiasi cha kununua betri nyingine, ama aiache. Ilishuka.

Na chaja. Paneli ndogo ya sola inayowasha taa mbili na kuchaji simu haiwezi laptopu, tumeona watu wakijaribu na kuua betri ya familia. Chaja nyingi za laptopu hizi ni za wati 45 au 65. Ukipata inayochaji kwa tundu la USB-C, unaweza kutumia chaja ya gari moja kwa moja kwenye betri ya sola ya volti 12, bila inveta katikati ya kupoteza umeme. Kwa jua letu, paneli ya wati 50 na betri yake inaweza kuendesha masomo ya mtu mmoja. Paneli hiyo ni gharama nyingine, ndiyo maana tunasema usimalize pesa zote kwenye mashine. Bakiza. Laptopu ya 30,000 isiyo na umeme ni sinia.

Sasa tuje kwa ugumu wetu wa kweli: duka liko Nairobi na sisi tuko Turkana. Kutoka hapa mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 700, na kwanza uwe na kibali cha kusafiri. Kwa hiyo tunanunua bila kushika. Unatuma pesa kwa M-Pesa kwa mtu usiyemwona, kifurushi kinapandishwa basi, unangoja. Kuna mwenzetu alitumiwa laptopu ambayo picha zilionyesha GB 8, akafungua akakuta 4. Kumpigia muuzaji, namba haipatikani. Tangu hapo tumeweka utaratibu. Muuzaji anapiga simu ya video, anawasha mashine mbele yetu ikiwa imechomolewa, anafungua ukurasa wa habari za mfumo, anatoa ile ripoti ya betri, anachapa kila herufi ya kibodi, anachomeka flashi kwenye kila tundu, anafungua kamera. Inachukua nusu saa. Anayekataa nusu saa hiyo, sisi tunakataa pesa zetu. Kama uko na ndugu Eastleigh au Kayole anayeweza kwenda kuishika kwa mikono, bora zaidi, umlipie nauli.

Risiti iwe na jina lako lile lile lililo kwenye kitambulisho cha mkimbizi, na namba ya mashine iandikwe kwenye risiti. Si kwa ajili ya muuzaji tu. Njiani kuna vizuizi, na kijana mkimbizi akipekuliwa na laptopu begini bila karatasi, maswali yanakuwa marefu.

Tulisema tutaongea pia juu ya kulipa, na hapa ndipo tulipobishana sana wenyewe kwa wenyewe.

Maduka mengi ya kulipa kidogo kidogo yanataka kitambulisho cha taifa na namba ya PIN ya kodi. Mikopo ya simu ni hivyo hivyo. Wengi wetu mlango huo umefungwa, na baadhi wanaupitia kwa kuomba jina la rafiki mwenyeji. Tafadhali, urafiki umeharibika kwa njia hiyo. Mwenyeji anakwama kwenye orodha ya wadaiwa kwa sababu insentivu yako ilichelewa.

Kinachobaki ni kile ambacho mama zetu walikuja nacho kutoka Bukavu na Uvira: likelemba. Hapa wanaita chama, ni kitu kile kile. Tumeanza yetu ya laptopu, tuko 14, na kila mtu ana kitu kidogo kinachoingia: insentivu, kinyozi, kushona, kuchaji simu za watu. Kila mwezi mtu anatoa shilingi 800. Hiyo ni 11,200, na kila baada ya miezi miwili ni 22,400, inatoka kwa mtu mmoja. Hatupigi kura ya nani aanze. Anayefungua chuo mapema ndiye anayetangulia, na asiyesoma anapokea zamu yake kwa pesa taslimu baadaye. Mzunguko wote ni miezi 28. Ni mirefu, tunajua. Kaka mmoja alitucheka, akasema katika miezi 28 yeye atakuwa Canada.

Alicheka lakini alitupa shida ya kweli. Mtu akipata safari baada ya kupokea zamu yake, anatuacha na deni. Tulikaa vikao vitatu. Wengine walitaka ateuliwe mdhamini, wengine walitaka laptopu iwe mali ya kikundi mpaka mzunguko uishe. Tulikubaliana hivi: anayesafiri analipa kilichobaki, au anaacha mashine na kurudishiwa alichokwisha toa, tukiondoa uchakavu. Imeandikwa na kila mtu ametia sahihi. Tangu Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, safari zimekuwa chache kuliko vikao vyetu vya kuzijadili, lakini karatasi ipo.

Kuna waliotuambia 800 ni nyingi kwa mtu asiye na insentivu. Ni kweli, na hatuna jibu zuri. Wanaolea wadogo zao peke yao hawawezi, na hao ndio wanaoishia kwa mwenye duka na kadi. Kwa hiyo maneno yanayofuata ni kwa nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, na tunaomba msiyachukue kama matusi, wengi wenu tunakunywa chai pamoja.

Pesa ya vifaa vya masomo mara nyingi inakuja. Shida inakuja lini. Tunawajua wanafunzi watatu waliopata pesa ya laptopu muhula wa pili ukielekea kuisha. Wakati huo walikuwa wameshanunua kwa deni, kwa hiyo pesa yenu, badala ya kununua laptopu, ililipa mwenye duka na faida yake. Kwenye ripoti yenu inasomeka kwamba mwanafunzi amewezeshwa. Wezesheni wiki mbili kabla ya kufungua, hata kama ni kiasi kidogo kuliko hicho. Shilingi 22,000 mwezi wa nane zinamfaa mtu kuliko 40,000 mwezi wa nne.

Kama hamuwezi pesa mapema, basi wekeni laptopu kumi kituoni za kuazimwa kwa muhula, mtu atie sahihi aende nazo nyumbani, hasa wasichana. Mtatuambia zitaibiwa. Sisi tumeazimisha moja ya kikundi kwa watu wanne mwaka mzima, na kilichopotea ni kifuniko cha tundu moja.

Mnapoleta mashine za msaada, tunashukuru, kweli. Lakini muulize mafundi wetu kabla hazijapakiwa. Tumepokea boksi la laptopu ambazo hazina betri hata moja, na chaja zake zina plagi isiyoingia kwenye soketi za Kenya. Zilizunguka dunia nusu kuja kukaa stoo. Na ile desturi ya kumpa mwanafunzi laptopu kisha kuirudisha akimaliza chuo, muifikirie upya. Siku anayomaliza ndiyo siku anayoanza kuandika barua za kazi.

Vyuo navyo, badala ya ule mstari mmoja, viandike mistari mitatu: RAM kiasi gani, programu zipi, na kwamba mwanafunzi ana mpaka wiki ya sita. Karatasi ni ile ile.

Dada yetu yuko mwaka wa pili sasa. Ile laptopu ya boksi tuliiwekea Linux nyepesi, mdogo wake anajifunzia kuchapa, na kwa hilo inatosha. Yeye alipata zamu ya tatu ya likelemba, Latitude ya kizazi cha nane, shilingi 20,500, betri asilimia 81. Ile 1,900 iliyobaki alinunulia chaja ya gari. Kadi iko nyumbani, kwenye kibati cha mama.

Jumamosi hii saa nne asubuhi tuko kituoni, kwenye chumba cha nyuma, na tuna simu mbili za video na wauzaji wa Nairobi. Kama una barua mkononi, njoo nayo, na uje kabla hujaongea na mtu wa duka. Aliye na flashi ya zaidi aje nayo pia, yetu imepotea tena.